Waliotumwa Kuzima

Baba yangu aliniuliza mara nyingi kazi yangu ni nini, na kila mara nilimjibu vibaya. Mwanzoni nilimwambia nafanya kazi ya kompyuta. Kwa wakati ule jibu hilo lingemtosha mtu yeyote wa kijijini kwetu, huko Upare ya Kusini, maana kompyuta ilikuwa kitu cha ofisini na ofisi ilikuwa mahali pa heshima. Baba hakutosheka nalo. Alikuwa fundi mitambo, na fundi mitambo hutaka kujua mashine inaingiza nini na inatoa nini. Yake iliingiza majani ya mkonge ikatoa nyuzi. Yangu je? Nikamwambia inaingiza watu na kutoa watu wale wale, wamechoka. Hakucheka. Akaendelea kumenya ndizi.

Ukweli ni kwamba nilikuwa naandika programu za gemu la intaneti. Sikuchora picha wala kutunga sauti, vitu ambavyo mtu anaweza kumwonyesha mzazi. Gemu lenyewe lilichezwa na watu wa ng'ambo, wengi wao Marekani. Kila mchezaji alipewa kijiji kidogo chenye ghala na kisima, akakijenga mpaka kikawa mji, akalima ngano, akafuga, akafanya biashara na jirani yake au akamvamia. Mambo yalikwenda polepole kwa makusudi: ukituma askari leo, wanafika kesho. Mchezaji alifunga kompyuta akaenda kazini au akalala, na huku nyuma ngano yake iliendelea kuiva na askari wake kutembea. Hapo nyuma ndipo nilipokuwa mimi. Sehemu ya seva niliyoiandika na kuitunza ndiyo iliyosogeza muda wakati wachezaji hawapo. Kazi yangu ikienda vizuri, hakuna aliyejua kwamba ipo. Ikienda vibaya walijua wote, na matusi yalimiminika kwenye sanduku letu la barua pepe mpaka nikazoea kuyasoma kama mtu anayesoma bei za sokoni.

Nilizaliwa katika miaka ambayo sabuni ilikuwa ya foleni na sukari ya kibali. Baba alikuwa tambarare, kwenye shamba la mkonge la serikali, na sisi na mama tulikuwa mlimani, tukilima maharage na tangawizi na kuteka maji kwenye mfereji. Baba alipanda mara moja kwa mwezi, ananuka grisi na mkonge mbichi. Alifanya kazi kwenye mashine ya kukamua majani ambayo huko mashambani huitwa korona, na iliitwa hivyo zamani sana kabla jina hilo halijawa la ugonjwa. Kisha ukaja wakati wa ruksa, biashara ikaachiwa huru. Maduka ya Same yakajaa vitu, na watu wakakosa cha kuvinunulia. Nailoni ilikuwa imeshauangusha mkonge, na mashamba ya serikali yakaanza kuuzwa kwa wawekezaji. Nilikuwa sekondari baba aliporudi nyumbani moja kwa moja, na sanduku lake la spana kichwani kwa mtu aliyemsaidia kupandisha. Aliliweka chini ya kitanda. Hakutueleza lolote kuhusu huko alikotoka. Nilichokuja kukiona baadaye ni kwamba kila tuliposafiri kwa basi kuelekea Hedaru, alichagua kukaa upande wa mlima, na tukilikaribia lile shamba alikuwa na jambo la kutafuta kwenye mfuko.

Mimi nilisoma, nikafika Dar es Salaam, nikajifunza kompyuta katika chuo ambacho tuligombania mashine. Nikaajiriwa na kampuni ndogo iliyokuwa imepanga ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa. Bosi wetu alikuwa kijana wa Kitanzania aliyesoma nje. Gemu halikuwa letu. Lilikuwa la kampuni ya huko huko nje, nayo ilitupa sisi kazi ya kuliandika na kuliendesha kwa sababu tulikuwa rahisi. Bosi hakulificha hilo. Alisema tufanye kazi nzuri ili siku moja tusiwe rahisi.

Mama alipopata kiharusi nilikuwa nimeshazoea kazi. Alianguka shambani akiwa na jembe mkononi, wakambeba kwa machela mpaka barabarani. Upande wake wa kulia ulikufa, na maneno yakamtoka kinywani yakiwa yamevunjika, Kipare na Kiswahili vimechanganyika. Kaka zangu walikuwa mbali na wana familia zao. Mimi sikuwa nimeolewa, na kwa kawaida ya kwetu hakuna aliyeuliza nani atamtunza. Waliuliza nitafika lini. Nilikwenda kwa bosi kuaga kazi. Akafikiri kidogo, akasema seva zenyewe ziko ughaibuni, haijalishi mtu anazigusa akiwa Dar au akiwa Same, ilimradi kuna intaneti. Basi nikarudi Same na kazi yangu mkobani.

Mama hakuweza kurudishwa mlimani, kwa sababu ya kliniki. Nikapanga vyumba viwili mjini, nyuma ya duka moja lililokuwa na dishi la intaneti juu ya bati. Chumba kimoja alilala baba na mikungu ya ndizi iliyoshushwa kutoka nyumbani. Kingine tulikaa mama na mimi, kitanda chake upande huu, meza yangu upande ule, kanga imetundikwa kwenye kamba katikati. Same ni mji wa upepo. Vumbi lilipita chini ya mlango likajaa kwenye kibodi, na mchana bati lilitoa joto kama chungu kilichofunikwa. Ukitoka nje uliiona milima, kijani juu na wingu lake, karibu kiasi kwamba mama alipokalishwa mlangoni aliinyooshea mkono uliobaki mzima, akalia bila sauti.

Jioni ya Marekani ni asubuhi yetu, kwa hiyo saa za msongamano wa wachezaji ziliangukia wakati wa kumwogesha mama na kumlisha uji. Baba ndiye aliyemgeuza na kumnyanyua. Mimi niliweka sikio kwake na macho kwenye kioo cha kompyuta. Nimewahi kumlisha mtu kijiko kwa mkono wa kushoto huku wa kulia unatafuta ni kwa nini askari wa mji fulani wamefika kabla ya kutumwa. Watu huniuliza kama kazi ya magemu ilikuwa ya kufurahisha. Sikumbuki kulicheza lile gemu hata siku moja zaidi ya kulijaribu.

Mwaka ule mvua za vuli zilikosekana, na za masika zikapita juu yetu zikaenda kwingine. Wafugaji walishusha ng'ombe barabarani kutafuta maji, na wengine waliwaacha pale pale walipoangukia, tukawa tunapita tumeziba pua. Mabwawa ya umeme yalikauka. Mgao ukaja, kwanza wa saa chache, kisha wa mchana kutwa. Mwenye duka akanunua jenereta kuukuu, nasi tukachangia mafuta. Halikuwaka vizuri. Lilikohoa, likazimika, na kila lilipozimika mimi nilitupwa nje ya seva katikati ya kazi.

Baba alilisikiliza siku mbili tatu akiwa ameketi na mama. Kisha akapanda gari kwenda mlimani na kurudi na sanduku la spana. Toka siku hiyo jenereta likawa la kwake. Alilifungua, akalisafisha, akalitengenezea kibanda cha matofali ili vumbi lisiingie. Kwa mara ya kwanza tangu nikiwa msichana nilimwona anapiga mluzi. Asubuhi aliliwasha, akaja mlangoni, akauliza, "Wameamka watu wako?" Nami nikamwambia wameamka, au kwamba kwao ndiyo kwanza wanamaliza chakula cha usiku. Alianza kuuliza maswali yenye maana. Akataka kujua kama mchezaji akifa, mji wake unakuwaje. Nikamwambia mji usiotembelewa muda mrefu programu yangu inaufuta, ardhi inarudi porini. Akasema hata shambani ilikuwa hivyo: mkonge usipopaliliwa, msitu unaumeza.

Huko Dar mambo yalianza kuharibika bila kelele. Mchoraji wetu aliondolewa, kisha waliojibu barua za wachezaji, kisha mwenzangu wa seva. Kila mara habari ilikuja kwa barua pepe fupi yenye shukrani nyingi. Nilijua maana yake. Anayetolewa mwisho ni yule anayejua kufunga mlango.

Bosi alinipigia simu mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye ameshayasema maneno hayo kwa wengine. Wenye gemu walikuwa wameuza kampuni yao, na walionunua hawakulitaka gemu letu. Walitaka majina ya wachezaji wawapeleke kwenye gemu lao jipya. Letu lifungwe. Wachezaji wangetangaziwa wiki mbili kabla. Ikifika siku, mimi ndiye nitakayezima, kwa sababu sehemu ya muda hakuna mwingine aliyebaki anayeijua, na ikizimwa vibaya inaweza kuvuruga hesabu za kuhamisha majina. Baada ya hapo na mimi kazi itakuwa imekwisha. Akaongeza jambo moja: barua za wachezaji zitakuwa nyingi, nisizijibu. Tangazo ndilo jibu. Nikasema sawa. Nilipoweka simu chini mama aliniita kutoka nyuma ya kanga kwa lile neno lake moja ambalo lilikuwa na maana ya maji, mto, dirisha na mimi.

Barua zilikuja kweli. Wengi walitukana. Wengine waliomba wauziwe gemu. Mwalimu mmoja aliandika kwamba wanafunzi wake walijifunza hesabu za kugawanya kwa kugawana ngano. Nilizisoma zote, maana hapakuwa na mwingine wa kuzisoma, na sikutaka ziozee humo.

Moja ilinikalia kifuani. Iliandikwa na mwanamke aliyesema ni muuguzi. Alianza kucheza na mdogo wake wa kiume, miji yao ikiwa jirani, ukuta kwa ukuta. Mdogo wake alikwenda jeshini, akauawa vitani. Toka hapo muuguzi akawa anaingia kwenye mji wa marehemu kwa neno la siri alilokuwa amempa, anavuna ngano, anatengeneza ukuta, anatoka. Alijua kwamba asipofanya hivyo mji utafutwa. Hakuomba gemu lisifungwe. Aliuliza tu kama tunaweza kumwachia mji ule mahali fulani, hata kama hauchezeki.

Nilimpigia bosi. Nikamsomea barua yote. Akasema wenye mali wameagiza kila kitu kifutwe, na kwamba akianza na mmoja hataweza kumaliza. Hakusema kwa ukali. Nikamwelewa, na sikukubaliana naye. Kesho yake nilifungua miji ile miwili, nikaipiga picha kwenye kioo, kipande kwa kipande, maghala, kisima, ule ukuta wa pamoja, nikaziunganisha, nikamtumia yule muuguzi kutoka anwani isiyokuwa ya kampuni. Sikuandika neno. Jibu lake lilifika siku hiyo hiyo. Alishukuru, akauliza mimi ni nani. Nililiacha hivyo hivyo. Sikujua nimwambie mimi ni nani.

Siku ya kuzima ilikuwa asubuhi yenye joto la mapema. Baba aliwasha jenereta, akaja akasimama mlangoni kama kawaida yake, lakini hakuuliza kitu, maana nilikuwa nimeshamweleza. Mama alikuwa amelala. Baba alivuta kigoda akaketi pembeni yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Wachezaji walikuwa wamekusanyika. Kulikuwa na mahali kwenye gemu ambapo mtu yeyote angeweza kuandika neno na wote wakaliona, na maneno yalipanda kwenye kioo upesi kuliko jicho. Wengi walikuwa wameondoa askari wao na kufungua milango ya miji. Maadui wa miaka walikuwa wanapeana ngano isiyokuwa na matumizi tena. Baba akaniuliza wanasema nini. Nikamtafsiria: huyu anaaga, huyu anawashukuru jirani zake, huyu anauliza kama kuna mtu yeyote upande wa pili anayewasikia.

"Wanajua kwamba ni wewe?" baba aliuliza.

"Hawajui. Hawajui hata kama kuna mtu."

"Afadhali," alisema. "Mimi walinijua."

Nikageuka. Alikuwa anatazama kioo, si mimi. Ndipo aliponieleza, kwa sauti ya chini ili mama asiamke, jambo ambalo lilikuwa limekaa chini ya kitanda chetu pamoja na lile sanduku.

Shamba lilipouzwa, wanunuzi walimleta meneja mpya. Meneja huyo alimwita baba ofisini, akamwambia kesho saa sita mchana azime korona, na kwamba haitawashwa tena; wafanyakazi wote wanaachishwa. Alitaka azime baba kwa sababu watu walimheshimu, wasingeleta fujo. Akamwonya asimwambie mtu. Jioni ile baba alikula kwa rafiki yake, kama alivyokula karibu kila siku, kwa sababu familia yetu ilikuwa mlimani. Rafiki huyo alikuwa mtu wa Kigoma, aliyekuja kijana kabisa kwa mkataba, mmoja wa wale walioitwa manamba, na kazi yake ilikuwa kulisha majani kwenye korona. Miaka yote walikuwa wamesimama mashine moja, mmoja anailisha, mwingine anaitunza. Baba alikula naye, akaaga, hakusema.

Saa sita kesho yake alivuta mkono wa mashine. Alisema hakuwahi kujua kuwa pale kiwandani kulikuwa na ndege, kwa sababu hakuwahi kuwasikia. Toroli zilikuwa zimejaa majani. Wanawake waliokuwa wanaanika nyuzi uwanjani waliacha kazi wakatazama. Rafiki yake alikuwa ameshika mzigo wa majani mikononi, akangoja, akidhani ni hitilafu itakayotengenezwa. Baba akamwambia haitawaka. Yule mtu aliweka majani chini taratibu, kama vitu vya kuvunjika, akaondoka. Baada ya muda ikajulikana kwenye kambi ya wafanyakazi kwamba fundi alijua tangu jana yake. Hapo hakuna aliyemsalimia tena. Sisi tulikuwa na mlima wa kurudia, alisema baba. Wale wengi wao hawakuwa na pa kurudi, Kigoma walishasahaulika.

Saa yangu ikafika. Niliandika amri, nikaisoma, nikaisoma tena. Maneno ya wachezaji yalikuwa bado yanapanda.

"Bonyeza," baba alisema. "Halafu usikae hapo unaitazama. Mimi nilikaa."

Nilibonyeza. Maneno yakasimama mahali yalipokuwa, sentensi ya mtu imekatika katikati. Nilitaka kuendelea kutazama. Baba akanishika kiwiko, akaniinua kama alivyokuwa anamwinua mama, akanitoa nje. Alikwenda kuzima jenereta. Mtaa ulikuwa na kelele zake za kawaida, muuza maji anasukuma mkokoteni, basi la Arusha linapiga honi barabarani. Nililia pale penye kibanda cha matofali, na baba alisimama ananikinga jua kwa kivuli chake, hajui aweke wapi mikono.

Wiki chache baadaye alinivizia nikiwa nafua. Aliniambia anataka kwenda kule shambani, na kwamba asingependa kwenda peke yake. Jirani alikaa na mama. Tulipanda basi la asubuhi, na safari ile baba alikaa upande wa tambarare.

Kiwanda hakikuwa kiwanda. Bati lilikuwa limeezuliwa, na vyuma vyote, pamoja na korona, vilikuwa vimekatwa na kuuzwa chakavu. Palibaki misingi ya saruji yenye mafuta yaliyokauka, na mti wa mgunga umeota pale ambapo baba alinionyesha kwamba ndipo alipokuwa akisimama. Mwekezaji hakuwa amepanda chochote. Mkonge mzee ulikuwa umeota milingoti ya maua, msitu umeingia katikati yake. Kambini nyumba nyingi zilikuwa wazi, lakini chache zilikuwa na moshi, na kwenye moja alikuwepo mwanamke mzee anapepeta mahindi. Nilimwamkia, akaitika marahaba mwanangu, kisha akamtazama baba kwa muda mrefu.

"Fundi," alisema. "Umezeeka."

Alikuwa mke wa yule rafiki. Alitupa kigoda na ndoo iliyogeuzwa, akatuletea maji ya kunywa, ya chumvi kama maji yote ya kule. Baba alimuuliza habari za mwenzake. Mama yule alinyoosha kidole upande wa makaburi ya kambi. Mumewe alikuwa amekufa miaka mingi iliyopita, kwa kifua, wakati ambapo zahanati ya shamba ilikuwa imeshafungwa. Baba aliinamisha kichwa. Baadaye alijaribu kusema alichokuja kusema, kuhusu ile jioni, kwamba alikatazwa, kwamba alikula chakula chao akiwa anajua. Alikuwa anayasema vibaya, akirudia rudia. Mama yule hakumkatiza. Aliendelea kutoa makapi kwenye ungo.

"Mume wangu alijua," mama yule alisema, baba alipokwisha kusema. "Ulipotoka aliniambia, fundi ana jambo, ugali umemshinda. Hakulala. Asubuhi akaniambia leo kuna kitu. Hakukulaumu kamwe. Mimi ndiye niliyekulaumu, na niliwaambia wenzangu. Meneja sikuwa namjua hata sura. Wewe nilikujua."

Baba akamuuliza kama bado anamlaumu. Alifikiri kwa haki, kama mtu aliyeulizwa swali la kweli. Akasema siku hizi anachoka mapema.

Alitupeleka makaburini. Lile la mume wake lilizungushiwa mawe tu, safi, limefagiliwa. Baba, ambaye ni Mlutheri na si mtu wa sala ndefu, alisimama pale mpaka mimi nikaanza kuhofia basi. Tulirudi Same jioni. Baba alikuwa amechoka, ila sikuona amepona; nadhani mambo mengine hayaponi, yanapata tu mahali pa kukaa.

Mimi sikuandika gemu tena. Nilipata kazi ya kufundisha kompyuta katika chuo kidogo pale Same, na baadaye nikatengeneza mifumo ya watu wengine, ya maduka na ya hospitali, kazi za nyuma ya pazia vile vile lakini ambazo angalau ningeweza kumweleza baba. Mvua zilirudi mwaka uliofuata, nyingi kupita kiasi, zikakata barabara ya mlimani. Mama hakuzifaidi. Alifariki asubuhi moja baada ya uji, bila fujo, baba akiwa anamfuta midomo. Ilibidi tungoje barabara ikauke kidogo ndipo tumpandishe.

Kwenye mazishi watu walijaa uwanja wetu mpaka mgombani. Nilikuwa jikoni na wanawake wa ukoo tukichochea sufuria za makande nilipomwona yule mama wa kambini anapanda njia, amejifunga kitenge kiunoni, miguu imejaa tope, na nyuma yake wanawake wengine wawili wa tambarare. Sijui nani aliwapelekea habari. Walikuwa wameshushwa na gari chini kabisa ambako barabara ilikatika, na mlima wote waliupanda kwa miguu. Baba alitoka kwenye viti vya wanaume akaenda kumpokea. Hawakukumbatiana, si desturi yetu. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwongoza mpaka ndani alipolazwa mama, na yule mama aliketi mkekani akalia na wenyeji kama mmoja wao, kwa lugha ya kwao ambayo hakuna mtu mwingine mle ndani aliyeielewa.

Walilala kwetu, na kesho yake baada ya kuosha vyombo wakaaga. Baba aliwasindikiza mpaka kule chini penye gari. Aliporudi jua lilikuwa limeshapanda, suruali yake imelowa hadi magotini. Aliketi jikoni kwenye kigoda cha mama, akaniuliza kama kuna makande yaliyobaki. Alikuwa hajala tangu juzi. Nikampakulia, akala yote.